Muuguzi Akiugua, Kompyuta Imwandike Kama Nani?

Ndugu msikilizaji, juma hili tuzungumzie urithi. Si wa shamba wala ng'ombe, bali urithi ulio ndani ya programu za kompyuta.

Hapa Bulongwa tuna hospitali ya Kilutheri, na muuguzi anaweza kuugua akatibiwa palepale anapofanya kazi. Je, kompyuta imwandike kama mfanyakazi au mgonjwa? Akiandikwa kama watu wawili, daktari anaweza kufungua jalada lisilosema kwamba penisilini humdhuru. Hapo kosa la mwandishi wa programu huhatarisha maisha.

Waandishi wengi wa programu hupanga mambo kwa "klasi", yaani vielelezo. Klasi ya Mtu huandika jina na tarehe ya kuzaliwa. Mfanyakazi na Mgonjwa ni watoto wake: kila mmoja humwita mzazi aandike hayo, kisha huongeza yake, huyu cheo, yule namba ya jalada.

Basi muuguzi anayeumwa ana wazazi wawili, nao wana mzazi mmoja. Kila mmoja wao akimwita Mtu kwa jina, babu huyo hufanya kazi ileile mara mbili. Lugha ya Python huwapanga foleni: Mfanyakazi, Mgonjwa, na mwisho Mtu. Neno "super" katika lugha hiyo halimaanishi "mzazi wangu", bali "anayefuata kwenye foleni". Kwa hiyo Mfanyakazi akiita, huitika Mgonjwa, na Mtu huitwa mara moja tu. Lakini mmoja akinyamaza, foleni hukatika, na walio nyuma yake hawafikiwi.

Lugha ya Java haikubali klasi kuwa na wazazi wawili. Ndiyo iliyoandikia OpenMRS, programu ya majalada ya wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Mwanzoni Mgonjwa na Mtumiaji wa programu wote walirithi kutoka kwa Mtu. Baadaye Mtumiaji aliondolewa katika urithi huo. Badala ya kuwa aina ya mtu, akawa na mtu anayehusishwa naye.

Kiswahili chetu hutofautisha "kuwa" na "kuwa na". Uuguzi ni kazi, homa ni hali. Vyote humjia mtu na vyote huweza kumwacha, naye akabaki yuleyule. Anayeandika programu ya hospitali aanze na mtu mmoja, kisha ampe kazi zake na maradhi yake.

Hadi juma lijalo, kwaherini.