Muhuri Ndani ya Kompyuta

Hapa Misima, wilayani Handeni, kazi yangu ni kuchapa barua na kutoa kopi. Flashi za wateja huniletea riziki, na wageni nisiowaalika. Juzi kompyuta ilianza kumwaga matangazo huku mteja akisubiri barua yake ya kuomba kazi.

Nikabofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya faili la kila programu, nikafungua sifa zake na kutafuta saini ya kidijitali. Saini hiyo ni kama muhuri wa mtendaji wa kijiji: humtaja aliyeitoa programu, na faili likibadilishwa hata herufi moja, saini huwa batili. Programu yangu ya kuandikia ilimtaja mtengenezaji wake. Programu moja ngeni haikuwa na saini, wala sikukumbuka kuiweka. Nikaiondoa.

Lakini muhuri si tabia njema. Kirusi Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kilibeba saini za vyeti vya kusainia vilivyoibwa kutoka kampuni za Realtek na JMicron. Tena zipo programu safi za bure zisizo na saini.

Basi jiulize mawili: nani kasaini, na nani kamwalika mgeni huyu?