Begi gumu la kamera: Anza na mgongo, bei ije baadaye

Dar es Salaam. Katika nyumba ambayo baba au mama anaishi kwa kupiga picha, kamera ni jembe. Ndiyo inayolipa ada, kodi na mboga. Kazi ikitoka mbali, iwe harusi Mwanza, mkutano Zanzibar au tamasha Dubai, jembe hilo hupanda ndege pamoja na mwenyewe.

Wengi huamua kununua begi gumu lenye magurudumu, lile la kuingia nalo ndani ya ndege. Uamuzi huo una mantiki. Lenzi ni kioo, na kamera iliyokabidhiwa na mizigo mingine hupita mikono mingi kabla ya kumrudia mwenyewe.

Tatizo ni kwamba dukani watu huangalia rangi, bei na jina la kampuni. Mambo mawili husahaulika: mgongo wa mzazi atakayelinyanyua na mtoto atakayelifungua likirudi nyumbani. Hayo ndiyo yanayopaswa kuamua begi gani linunuliwe na likae wapi.

Kilo saba huisha haraka

Mashirika kama Emirates, Qatar Airways na Ethiopian Airlines humruhusu abiria wa daraja la kawaida kilo 7 za mzigo wa mkononi. Kilo hizo zinahesabu na begi lenyewe, si vilivyomo peke yake.

Hapo ndipo begi gumu linapoanza kula nafasi. Pelican 1510, sanduku la plastiki nene linalojulikana sana kwa wapigapicha duniani, lina zaidi ya kilo 5 likiwa tupu. Likiwekwa sponji yake, hupita kilo 6. Kinachobaki hakitoshi kamera moja yenye lenzi kubwa. Toleo jepesi la kampuni hiyohiyo, Air 1535, lina karibu kilo 4. Mabegi ya kawaida ya polikabonati yenye zipu huwa mepesi zaidi, mengi yakiwa na kilo 3 hivi.

Sasa piga hesabu ya vifaa vya mpigapicha wa harusi. Kamera mbili bila lenzi ni kama kilo 1.4. Lenzi ya kati ni kilo 0.8 na ile ndefu kilo 1.3. Flashi na betri zake ni nusu kilo, kompyuta mpakato kilo 1.5, chaja na nyaya nusu kilo nyingine. Jumla ni kilo 6 kabla ya begi. Ukiongeza begi la kilo 3, umefika 9.

Dawa yake ni kugawa mzigo nyumbani, mapema, badala ya kubishana na mhudumu wa kaunta. Nguo, stendi za taa, miguu mitatu ya kamera na chaja za ukutani ziende kwenye begi kubwa linalokabidhiwa. Kamera, lenzi na kadi za picha zibaki nawe. Kama shirika linaruhusu begi dogo la pili, kompyuta ihamie huko.

Mwili nao una kikomo

Hata shirika likiruhusu kilo 12, bado kuna swali la nani atazipandisha juu ya kichwa.

HSE, taasisi ya serikali ya Uingereza inayosimamia afya na usalama kazini, imeweka viwango vya kuongoza watu wanaonyanyua mizigo. Kwenye usawa wa kichwa, kiwango cha mwanamke ni kilo 7 kama mzigo uko karibu na mwili, na kilo 3 tu kama mikono imenyooshwa mbele. Kwa mwanamume ni kilo 10 na kilo 5. Hiyo si sheria ya kumzuia mtu. Ni alama ya mahali ambapo hatari ya kuumia inaanza kupanda.

Kabati la mizigo la ndege liko usawa wa kichwa au juu zaidi, na begi husukumwa ndani mikono ikiwa imenyooka. Kwa maneno mengine, kilo 7 zinazokubalika kwenye kaunta tayari ni nyingi kwa mabega ya abiria wengi.

Sababu yake ni rahisi. Mzigo ukiwa mbali na kifua, misuli ya mgongo wa chini na mabega hulazimika kuvuta kwa nguvu kubwa zaidi kuuzuia usianguke. Ukijipinda kiuno wakati huohuo, kama watu wanavyofanya kwenye kijia chembamba cha ndege, mkazo huongezeka.

Njia salama ni kunyanyua kwa hatua mbili. Kunja magoti, weka begi kwanza kwenye kiti, kisha lishike karibu na kifua na ulipandishe. Geuka kwa miguu, si kwa kiuno. Na kuomba msaada si aibu.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji ana tahadhari yake. Ushauri wa kawaida wa hospitali ni kutonyanyua kitu kizito kuliko mtoto wake kwa takribani wiki sita za mwanzo, kwa sababu kidonda cha tumbo bado kinapona. Begi la kamera haliingii kwenye kipimo hicho, hata kama mteja wa harusi anasubiri.

Kuna jaribio la bure kabla ya kusafiri. Lita moja ya maji ni kilo moja. Weka chupa tatu za lita moja na nusu ndani ya begi, lifunge, kisha jaribu kulipandisha taratibu juu ya kabati la nguo. Kama mabega yanalalamika kwa kilo 4.5 na begi lenyewe, ndani ya ndege hayatanyamaza.

Pima kwa futi, usiamini karatasi

Maduka mengi huandika "inchi 20" na mnunuzi akaridhika. Mara nyingi namba hiyo ni ya ganda tu. Shirika la ndege hupima hadi magurudumu na mpini.

Emirates inataka begi lisizidi sentimita 55 kwa 38 kwa 22. Qatar Airways inataka 50 kwa 37 kwa 25. Pelican 1510 na Air 1535 zote zina urefu wa karibu sentimita 56. Begi linalopita shirika moja linaweza kukataliwa na jingine, na vipimo hubadilika, hivyo soma masharti ya tiketi yako kila safari.

Kuhusu ganda, polikabonati hujikunja kidogo ikigongwa na kurudi. Plastiki ya bei nafuu iitwayo ABS ni ngumu lakini hupasuka kirahisi. Alumini ni imara, ila ni nzito na ikibonyea hubaki hivyo. Ukiwa Kariakoo, bonyeza ubavu wa begi kwa kiganja. Likirudi vizuri bila kuacha mstari mweupe, ni dalili njema.

Begi la magurudumu manne huteleza vizuri kwenye sakafu ya uwanja wa ndege. Magurudumu mawili makubwa yaliyozama ndani ya ganda huvumilia zaidi kokoto na mashimo, na hayali sentimita za begi.

Ganda gumu peke yake halilindi kitu kama vifaa vinacheza ndani. Tafuta vigawanyo vya sponji vinavyohamishika, kila lenzi iwe na chumba chake.

Masanduku yenye mpira wa kuziba huzuia vumbi na maji, lakini pia hufungia unyevu. Mpigapicha akitoka ufukweni Zanzibar au Mombasa akafunga kamera yenye jasho la hewa ya bahari kwa wiki nzima, anakaribisha fangasi kwenye lenzi. Futa vifaa, acha begi wazi mahali pakavu, ndipo ufunge.

Na kuna safari ambayo begi gumu halifai kabisa. Ndege ndogo zinazopeleka watalii Serengeti au Maasai Mara kwa kawaida huruhusu kilo 15 za mizigo yote, tena katika mabegi laini, kwa kuwa sehemu ya mizigo ni ndogo na mabegi hushindiliwa. Kwa kazi ya hifadhini, uliza kabla ya kununua.

Betri zikae na wewe

Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo inayokabidhiwa. Zikipata hitilafu chini ya ndege, hakuna mhudumu wa kuziona mapema.

Kipimo chake ni wati-saa, alama ya Wh iliyoandikwa kwenye betri. Hadi Wh 100 huruhusiwa kwa kawaida ndani ya ndege. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika, na akiba hazizidi mbili. Zaidi ya hapo hairuhusiwi kwa abiria. Betri nyingi za kamera ziko karibu na Wh 16, hivyo hazina shida. Pawabenki ya miliampia 20,000 ni Wh 74. Ya 30,000 inafika 111, na hiyo inahitaji kibali.

Januari 28, 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado uwanjani Gimhae, Korea Kusini. Watu wote 176 waliokuwamo walitoka hai. Wachunguzi walieleza kuwa huenda chanzo kilikuwa pawabenki iliyokuwa kwenye kabati la juu. Korea Kusini ikapiga marufuku kuziweka humo kuanzia Machi 1 mwaka huo. Emirates nayo, kuanzia Oktoba 1, 2025, inaruhusu pawabenki moja kwa abiria, isiyofika Wh 100, isiyotumika wakati wa safari wala kuwekwa juu.

Kwa hiyo weka betri zote katika kimfuko kimoja juu kabisa ya vifaa, vituo vyake vya chuma vikiwa vimefunikwa. Ndege ikijaa na mhudumu akataka begi liende chini, unachomoa kimfuko hicho mara moja. Betri iliyovimba isisafiri kabisa.

Begi likirudi nyumbani

Mzazi amechoka, begi linaachwa wazi sebuleni, na mtoto wa miaka miwili anakuta hazina.

Kitu cha hatari zaidi humo ni kidogo kuliko shilingi: betri ya kitufe. Ipo kwenye rimoti ya kamera, kwenye mizani nyingi za kupimia mabegi na kwenye vifaa vya kufuatilia mizigo kama AirTag, inayotumia CR2032 yenye upana wa milimita 20. Ikikwama kwenye koo la chakula la mtoto, umeme wake mdogo huanza kuunguza nyama, na ndani ya saa mbili madhara yanaweza kuwa makubwa.

Mtoto anaweza kutoa udenda, kukohoa au kukataa chakula. Mwingine haonyeshi dalili yoyote. Ukihisi tu kwamba amemeza, mpeleke hospitali yenye eksirei mara moja. Usimtapishe, usimpe chakula.

Kitu pekee kinachoshauriwa na National Capital Poison Center ya Marekani njiani ni asali: vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, hadi mara sita, kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na ambaye hazijapita saa 12 tangu ameze. Kama asali haipo, usipoteze muda kuitafuta. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe.

Vifuko vya kunyonya unyevu navyo viwe mbali. Chembe zake za kawaida hazina sumu kali, lakini humpalia mtoto. Zile za rangi ya bluu zinaweza kuwa na kemikali ya kobalti, hivyo ni bora kuziepuka kwenye nyumba yenye watoto.

Begi tupu lenye vibanio vya nje ni hatari nyingine, hasa lile lenye mpira wa kuziba hewa. Watoto hucheza kujificha, na akiingia mdogo hawezi kulifungua akiwa ndani. Begi likiwa tupu, lifungwe kwa kufuli na liwekwe mahali mtoto hafiki.

Kabla ya kulipa, uliza maswali manne

Begi tupu lina kilo ngapi? Chini ya kilo 3.5 ni mwanzo mzuri kwa ndege za kilo 7.

Vipimo pamoja na magurudumu vinaingia kwenye shirika unalopanda mara nyingi?

Unaweza kulipandisha mwenyewe likiwa limejaa, bila kunyoosha mikono mbali na mwili?

Lina kufuli, na nyumbani kuna mahali pa juu pa kuliweka?

Likijibu ndiyo kwa matatu ya mwisho na uzito ukakubali, hapo ndipo mzungumze bei na mwenye duka.