Kifo Kisicho na Kishindo

Tarehe 3 Desemba 2023 Mlima Hanang uliporomosha tope, mawe na magogo juu ya makazi ya wananchi. Jorodom ilikuwa miongoni mwa mahali palipopatwa, pamoja na Katesh na Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Taifa zima lilishtuka. Askari wetu walifukua tope, misaada ikamiminika kutoka kila upande, na Rais mwenyewe alifika kuwapa pole wafiwa. Ndivyo ilivyopasa, nasi twajivunia umoja huo.

Lakini kiko kifo kingine kisicho na kishindo. Mama ashikwa na uchungu usiku wa manane, damu yamtoka, mumewe hayupo, na ndugu wasema na angojwe arudi. Kunapopambazuka mama hana nguvu tena. Jioni kaburi limekwisha fukiwa, na majirani wasema ni kazi ya Mungu. Hapana anayefika kutoka mbali kutoa pole. Twauliza: je, uhai huo una thamani ndogo kuliko ule uliochukuliwa na mlima?

Kimya hiki kina mizizi. Katika mila za kale za Wairaqw, mwanamke aliyeharibikiwa mimba alitengwa na wenzake; hali hiyo waliiita meeta. Hatuwalaumu wazee wetu, waliotaka kuwakinga watu wao na msiba wasioujua asili yake. Leo asili yajulikana. Kutokwa damu kupita kiasi, kifafa cha mimba na uchungu uliokawia ni mambo ya tiba, si laana, na kwa hiyo hayafai kufichwa.

Wala mtu asituambie kwamba haiwezekani. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 upande wa Mbulu, imeongoza mpango wa kuwazoeza wakunga papo hapo kazini, katika vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara ukiwemo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yaonyesha kwamba vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Hapakuwa na muujiza, ila mazoezi mafupi yaliyorudiwa bila kuchoka.

Hata hivyo mkunga hodari hawezi kumwokoa mama aliyebaki nyumbani. Kwa hiyo twawaambia wanaume waziwazi: ruhusa ya kwenda hospitali itolewe tangu mimba ingali changa, isingojwe usiku wa hatari. Na mke ashauriwe, si kuamriwa, juu ya idadi ya watoto na nafasi kati yao, kwani mwili unaobeba mimba ni wake. Viongozi wa Chama na serikali za vijiji wawajue wajawazito wao wote, na kila nyumba ijue kwamba kwa namba 115, bila malipo, mpango wa m-mama hutafuta gari la kumchukua mama aliye hatarini. Nayo Serikali ihakikishe kwamba barabara zapitika wakati wa masika, na kwamba damu na dawa zipo mama anapofika. Safari iliyoishia kwenye kabati tupu si huduma.

Mama wa Jorodom ni raia sawa na mama wa Dar es Salaam. Huo ndio usawa tuliouhubiri tangu siku za Uhuru, na kipimo chake ni kitanda cha uzazi. Mlima ulipoporomoka tuliitika sote. Basi na tuitike pia pale mama mmoja aitapo usiku, kwa sauti isiyovuka ua wa nyumba yake.