Loda ya trekta inayorukaruka: chanzo chake na namna ya kuituliza

Kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi, huku Katavi ni miezi ya kusomba. Mpunga wa Majimoto na Mwamapuli umeshatoka shambani, mahindi yapo ghalani, na kabla mvua za Novemba hazijaanza kila mwenye trekta anabeba kitu: samadi kutoka kwenye mazizi ya wafugaji, mchanga, pumba, mawe ya kuziba korongo. Ndiyo maana baadhi ya vijana wameanza kufunga loda, yaani ile mikono miwili ya chuma inayokaa mbele ya trekta na kijiko chake.

Loda inaokoa muda na vibarua, hilo halina ubishi. Lakini swali ninalokutana nalo kila nikitembelea wenye loda ni lile lile: "Afisa, mbona trekta inadunda sana nikibeba mzigo? Usukani unakuwa mwepesi, kiti kinanirusha, na kila wiki kuna bolti imelegea." Wengine wanaona ni kawaida ya kazi. Sio kawaida. Mtetemo ule unakula vitu vitatu kwa wakati mmoja: mgongo wa dereva, pini na mipira ya haidroliki, na mwili wenyewe wa trekta. Trekta nyingi hazina chasisi kama ya lori. Injini, nyumba ya klachi na giaboksi zimeungwa kwa bolti, na hizo ndizo uti wa mgongo wa trekta. Loda ikizipiga kila siku kama nyundo, siku moja chuma kinapasuka, na hapo unaongelea trekta kukatika katikati huku mkopo wake bado haujaisha.

Tuangalie kwanza chanzo, halafu dawa.

Kwa nini trekta inadunda

Gari lina springi na shokapu. Trekta nyingi tulizonazo huku hazina. Ekseli ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye mwili, na ya mbele inacheza tu kwenye pini ya katikati. Kwa hiyo springi pekee ni upepo ulio kwenye tairi. Tairi inapobonyezwa inarudi, lakini haina kitu cha kuzima mrusho kama shokapu. Ukishaanza kudunda, unaendelea kudunda.

Kila trekta ina mwendo wake wa kudunda, kwa kawaida kati ya mara mbili na mara nne kwa sekunde. Fikiria mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma ovyo ovyo haendi mbali, ila ukimsukuma kila anaporudi, hata kwa kidole, anapaa. Barabara zetu za vumbi zinafanya hivyo hivyo. Ukishatoka kwenye lami unakuta vijituta vimejipanga kama bati la migongo. Chukua vijituta vilivyoachana sentimita 70. Ukienda kilomita 7.5 kwa saa, unavigonga karibu mara 3 kwa sekunde, yaani unaisukuma bembea kwa wakati wake kabisa. Ukishuka hadi kilomita 4 kwa saa, unavigonga mara 1.6 tu kwa sekunde na trekta inatulia. Ndiyo maana dereva anaweza kuona gia moja inamrusha sana na gia ya chini yake iko shwari, barabara ile ile, mzigo ule ule.

Usijaribu kukimbiza trekta ili "uruke juu ya vijituta". Gari dogo linaweza, trekta yenye mzigo mbele haiwezi. Tairi za mbele zikiacha ardhi huna usukani, na za nyuma zikiinuka huna breki.

Uzito wa nyuma ndio dawa ya kwanza

Hapa tupige hesabu kidogo. Tuseme kijiko na mzigo wake ni kilo 500, na uzito huo uko mita 1.2 mbele ya ekseli ya mbele. Umbali kati ya ekseli mbili ni mita 2.2. Trekta inakuwa kama mzani ambao katikati yake ni ekseli ya mbele. Ekseli ya nyuma inapunguziwa kilo 500 × 1.2 ÷ 2.2, yaani karibu kilo 273. Kilo hizo zinahamia mbele, kwa hiyo ekseli ya mbele inaongezewa kilo 773, sio 500 kama wengi wanavyodhani.

Sasa ning'iniza kilo 600 kwenye mikono ya nyuma, ile ya kubebea jembe, mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma. Hizo zinapunguza mzigo wa mbele kwa kilo 273 zile zile, na kuongeza nyuma kilo 873. Ukijumlisha yote, ekseli ya mbele imeongezewa 500 na ya nyuma 600. Trekta imesimama sawa, na kwa kuwa uzito uko pande zote mbili, haisepi mbele na nyuma kwa urahisi kama mwanzo.

Utapata wapi uzito huo? Pipa la lita 200 likijazwa zege lililoshindiliwa vizuri linafika karibu kilo 480, ukiongeza bati la pipa lenyewe unakaribia 500. Kabla ya kumwaga zege, pitisha chuma kinene cha kuingia kwenye mikono miwili ya chini, na kingine juu kwa ajili ya mkono wa tatu. Kazi hiyo mpe fundi wa kuchomelea anayejua kazi, kwa sababu pipa likichomoka njiani ni hatari kuliko kutokuwa nalo. Angalia pia kitabu cha trekta kuhusu uzito ambao mikono ya nyuma inaruhusiwa kubeba.

Wengine wanajaza maji tairi za nyuma, hadi robo tatu ya ujazo. Inasaidia tairi kushika ardhi, lakini haiipunguzii ekseli ya mbele hata kilo moja, kwa sababu uzito wa maji uko juu ya ekseli ya nyuma yenyewe, sio nyuma yake. Tena tairi yenye maji inakuwa ngumu zaidi na inarusha. Kama lengo lako ni kutuliza loda, pipa la nyuma linashinda. Na zile sahani za chuma za mbele, unazofunga wakati wa kulima, zitoe ukifunga loda. Mbele pameshaelemewa.

Tairi: sio kila upepo ni sawa

Kosa linaloonekana sana ni kujaza tairi za nyuma upepo wa lori. Tairi ngumu kama jiwe haimezi kituta, inakipeleka chote kwenye kiti. Kosa la pili ni kinyume chake: kupunguza upepo wa mbele ili "iwe laini". Tairi ya mbele ndiyo inayobeba kilo zile 773, ikiwa laini inajikunja na kukatika pembeni. Fuata jedwali la mtengenezaji wa tairi kwa uzito na mwendo wako, na pima kwa geji, sio kwa kupiga teke. Kulia na kushoto ziwe sawa. Zikitofautiana, trekta inayumba upande hata kwenye barabara nzuri.

Pini, bushi na bolti

Mtetemo mwingine hautoki barabarani kabisa, unatoka kwenye viungo vilivyolegea. Tuseme jeki ya loda imeshika mkono sentimita 80 kutoka kwenye pini kuu, na kijiko kiko mita 2.4 kutoka hapo. Pengo la milimita 2 kwenye jeki linakuwa milimita 6 kwenye kijiko. Ukiongeza pengo la kila pini, unapata kijiko kinachogonga "ko, ko, ko" kila ukipita shimo. Kila mgongano unapanua tundu zaidi.

Namna ya kupima: weka kijiko chini kabisa, zima injini, sogeza liva za loda mbele na nyuma ili kuondoa presha iliyobaki, kisha chukua mtaimbo na usukume kila kiungo. Ukiona pini inacheza, badilisha bushi mapema. Bushi ni bei ndogo kuliko kuchonga upya tundu la mkono. Grisi weka kila siku ya kazi, au kila masaa 10, mpaka ile ya zamani itoke pembeni. Vumbi letu la kiangazi likichanganyika na grisi kavu linakuwa msasa.

Bolti zinazoshika loda kwenye trekta zikazwe tena baada ya masaa 10 ya kwanza, halafu kila masaa 50, isipokuwa kitabu chako kinasema vingine. Na hapa niseme wazi kuhusu loda za kutengeneza mtaani. Loda nzuri ina fremu inayopita chini ya trekta kurudi nyuma, hadi nyumba ya klachi au ekseli ya nyuma, ili mshtuko ugawanywe. Iliyofungwa kwenye kibebeo cha ekseli ya mbele peke yake inaweka kazi yote sehemu moja. Usikubali fundi achomelee fremu kwenye chuma cha kumimina cha trekta. Chuma kile hakipendi moto wa ghafla, na ufa unaanzia pale pale.

Haidroliki na mkono wa dereva

Kama mikono inapanda kwa kushtukashtuka hata trekta ikiwa imesimama, angalia oili. Ikipungua, au mpira wa kunyonya ukivuja, pampu inavuta hewa. Oili inatoa povu, na hewa inabonyea pale ambapo oili haibonyei. Jaza oili sahihi, kaza klipu, safisha chujio. Ukitafuta panapovuja kwenye mipira yenye presha, tumia kipande cha boksi, kamwe usitumie mkono. Oili ya presha inatoboa ngozi, na tundu dogo kama la sindano linaweza kukupotezea vidole. Ikitokea, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama hakuna maumivu.

Dereva naye ni sehemu ya mashine. Kushusha kijiko kizito haraka kisha kukisimamisha ghafla ni kuipiga haidroliki rungu. Shusha taratibu, simamisha taratibu. Safiri na kijiko chini ya magoti, sio usawa wa macho. Kijiko kikiwa juu, kila kituta kinakuwa na mkono mrefu wa kuiyumbisha trekta, na kwenye mteremko inapinduka. Mtu yeyote asipite wala kusimama chini ya mikono iliyoinuliwa.

Kifaa cha kutuliza mtetemo

Baadhi ya loda za kiwandani zina akumuleta, chupa ya chuma yenye gesi ya naitrojeni upande mmoja na oili upande wa pili. Mzigo ukirushwa, oili inasukumwa kwenye chupa, gesi inabonyea, halafu inairudisha polepole. Ni shokapu ya loda. Unaiwasha ukisafiri na kuizima ukitaka kuchota kwa usahihi. Ukienda Nanenane pale John Mwakangale, Mbeya, waulize wauzaji kama loda yao inakubali kifaa hicho. Lakini akumuleta haifidii pini zilizokwisha wala kukosa uzito nyuma.

Mgongo hauna spea

Mtetemo wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde ndio uti wa mgongo unaouitikia zaidi, na matuta na loda iliyolegea vinaweza kukufikisha humo. Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2002 kiwango cha mita 0.5 kwa sekunde mraba kwa siku ya masaa 8, mwajiri akikivuka aanze kuchukua hatua, na 1.15 kuwa mwisho kabisa. Huku hatuna kifaa cha kupima shambani, lakini dereva anayeamka na kiuno kinachouma kila siku ya kusomba ni kipimo tosha. Tengeneza kiti, kirekebishe kwa uzito wake, na mpokezane.

Kama hela ni kidogo, fuata mpangilio huu: leo punguza mwendo, shusha kijiko, pima upepo, weka grisi na kaza bolti. Wiki hii tengeneza pipa la zege. Mwezi huu badilisha bushi zilizokwisha na kagua nyufa kwenye fremu. Akumuleta iwe ya mwisho. Hatua ya leo inahitaji geji, spana na nusu saa tu kabla ya safari ya kwanza.