Wembe mmoja, wamama wanne

Katika mikutano ya sendika tunasema mshahara, tunasema bote na kofia za kazi, tunasema ekipe ya usiku. Kuna jambo moja halisemwi. Wamama wanaosafisha madini wanasimama ndani ya mayi mpaka kiunoni tangu asubuhi, na kule chini wengine wako na vidonda ambavyo hakuna mutu anauliza. Vidonda vingine vinatoka kwenye kazi. Vingine vinatoka nyumbani, kwenye wembe. Sisi wamama wa sendika tumeona haya ya kutosha, basi leo tuseme.

Kwanza, kunyoa nywele za siri si usafi. Nywele zile si uchafu: zinakinga ngozi isisuguane na zinapunguza njia ya mikrobe. Mama asiyenyoa lakini anaoga kila siku ni msafi kabisa. Anayetaka kunyoa anyoe, ni mwili wake. Bwana akisema anapenda hivi ama vile, hayo ni mazungumzo ya watu wawili, si amri ya shefu wa ekipe. Hata dada zetu Waislamu, desturi yao ni kutopitisha siku 40. Haiwaombi kunyoa kila posho.

Jambo linalotutia hofu zaidi ni wembe wa kuazimana. Mama ananyoa, anampa mdogo wake, mdogo anampa jirani, na asubuhi bwana anachukua ule ule kwa ndevu. Wembe unaacha mikato midogo isiyoonekana, na damu kidogo sana inatosha kupitisha ugonjwa. Virusi vya hepatiti B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 na zaidi, hata kama damu imekauka na wembe unang'aa. Virusi vya sida pia vinaweza kupita kwa wembe wenye damu. Kusuuza kwa mayi hakutoshi. Kila mutu na wembe wake, hata mama na binti yake. Bwana anayepata franka za bia ya jioni hawezi kukosa za wembe wa bibi yake.

Sasa namna ya kufanya. Njia isiyo na hatari kubwa ni makasi: punguza nywele ziwe fupi, acha kidogo, ngozi isiguswe. Wengi wetu tumeishia hapo na hatujuti. Anayetaka kunyoa kabisa aanze pia na makasi, juu nywele ndefu zinaziba wembe na kuuvuta. Kisha akae na mayi ya moto kiasi, dakika 5 hivi, nywele zilainike. Apake povu ya sabuni isiyo na harufu kali. Mkono mmoja unavuta ngozi inyooke, mwingine unapitisha wembe mpya polepole, kufuata upande nywele zinakoelekea. Asikandamize, na asirudierudie pahali pamoja. Wembe usuuzwe kila mara. Ndani, penye ngozi laini yenye unyevu, wembe usifike. Na tafadhali, si gizani kwa mushumaa wakati umetoka kazi na macho yanafunga.

Ukimaliza, mayi safi ya baridi, kitambaa chako mwenyewe, kausha kwa kugusa bila kusugua. Limao, alkoli, marashi, dawa ya meno: vyote hivyo vinaunguza. Majivu ambayo mababu walitumia kushikia nywele wakati wa kuzing'oa nayo yanawasha ngozi. Vaa kaleso ya pamba isiyobana. Wembe uliochakaa tia ndani ya kopo lenye kifuniko, watoto wanacheza kwenye takataka.

Kwa wamama wa mayi tunasisitiza hili: usinyoe usiku wa kuamkia kazi. Nyoa siku unayojua kesho yake na kesho kutwa hauingii mtoni. Ngozi iliyokatwa leo, ukiiweka saa nane katika mayi ya matope, unaita mikrobe kwa jina.

Vipele vidogo vikitokea, mara nyingi ni nywele zilizojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Acha kunyoa, weka kitambaa cha mayi ya moto kiasi mara kadhaa kwa siku, usikamue. Lakini ukiona jipu linakua, usaha, homa, matezi ya nyongani kuvimba, ama wekundu unaoenea, usingoje mwisho wa mwezi: nenda kwa munganga. Kidonda kisichouma nacho ni cha kuonyesha.

Na wajawazito wasilazimishwe. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema kunyoa kwa kawaida kabla ya kuzaa njia ya kawaida hakupendekezwi. Mama akiambiwa anyoe kwanza ndipo apokelewe, ana haki ya kuuliza ni kwa sababu gani.

Katika mazungumzo yajayo na wakubwa wa kazi tutaweka mambo matatu mezani: mayi safi ya kuoga karibu na pahali pa kusafishia madini, chumba cha kubadilisha nguo chenye mulango unaofunga, na munganga wa kike siku moja kwa posho. Ma-delege wanaume wamecheka walipoisikia ile ya tatu. Tumeiandika hata hivyo, na imebaki kwenye orodha.