Ushairi Mkweli na Msomaji wa Kawaida: Mafunzo kutoka Sauti ya Dhiki, Kichomi na Wimbo wa Lawino

Utangulizi

Katika nchi jirani na kitovu cha Kiswahili, lugha hii imeingia katika sheria na sera kwa kasi kuliko ilivyoingia katika usomaji wa hiari. Rwanda iliifanya lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua kama hiyo mwezi Julai 2022. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huohuo. Hata hivyo, sheria haimlazimishi mtu kufungua kitabu akiwa nyumbani kwake jioni. Makala hii inafafanua kwa nini ushairi wa kisasa unaosema kweli kwa lugha inayofikika humvuta msomaji wa kawaida, na kwa nini wapangaji wa mitaala wanapaswa kuuzingatia.

Mjadala wa umbo na swali lililosahauliwa

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu kilichoweka bayana kanuni za vina na mizani. Miaka 20 baadaye, Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya Kichomi, ambayo mashairi yake mengi hayakufuata kanuni hizo. Katika utangulizi wake alieleza kwamba alikusudia kutumia lugha ya kawaida, ile watu waitumiayo katika mazungumzo yao ya kila siku. Mjadala mkali ulifuata baina ya wanamapokeo na wanausasa, na kwa muda mrefu ulizunguka swali moja: je, utungo usio na vina ni shairi?

Swali hilo lina uzito wake, lakini ni swali la mtunzi na mhakiki. Msomaji wa kawaida huuliza jambo jingine: je, huyu anayesema analijua jambo analolisema, na je, ananiambia mimi? Tukilianza suala hapa, mpaka kati ya makundi hayo mawili hubadilika.

Ukweli na ufikikaji si kitu kimoja

Tuchukue Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla. Mashairi yake yalitungwa gerezani nchini Kenya, ambako mwandishi alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa kisiasa aliouandika. Yanafuata arudhi na yana lahaja ya Kimvita. Nguvu yake haitokani na kuvunja umbo. Inatokana na mtu aliyekataa kubatilisha msimamo wake ilhali gharama ya msimamo huo alikuwa akiilipa kila siku. Ukweli, basi, waweza kukaa vema ndani ya vina. Hata hivyo, msomaji wa Kampala au Kigali huhitaji msaada wa kimsamiati ili aufikie.

Kinyume chake ni ngonjera, utanzu ulioenezwa na Mathias Mnyampala nchini Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967. Ngonjera zilifikika kwa urahisi: zilighaniwa shuleni na hadharani, na majibizano yake yalieleweka na wote. Lakini katika nyingi kati ya hizo, jibu lilijulikana kabla ya swali kuulizwa. Mhusika asiyejua alikuwepo ili aelimishwe na kukubali. Hadhira ilielewa kila neno bila kuachiwa nafasi ya kushuku au kuamua.

Mifano hii miwili yatuonyesha kwamba utungo waweza kuwa mkweli bila kufikika kwa wote, na waweza kufikika bila kumwamini msomaji. Mvuto unaodumu huzaliwa pale mambo haya mawili yanapokutana.

Jinsi mkutano huo unavyofanya kazi

Mfano wa karibu zaidi kwa wasomaji wa nchi jirani ni utenzi wa Lawino wa Okot p'Bitek wa Uganda. Ulitoka kwa Kiingereza mwaka 1966, kwa Kiacholi mwaka 1969, kisha Paul Sozigwa akautafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Wimbo wa Lawino. Mambo matatu yanaufanya ufikike.

La kwanza ni sauti. Anayesema ni mke aliyedharauliwa na mumewe, Ocol, na anawasemea watu wa ukoo. Msomaji hana haja ya kumtafuta msemaji. Anamfahamu tangu mwanzo. La pili ni taswira. Hoja nzito kuhusu ukoloni na utamaduni zinapitia jikoni, katika saa ya ukutani, katika mtindo wa nywele na katika mmea wa boga unaotajwa na methali ya Kiacholi. La tatu ni nafasi anayoachiwa msomaji. Lawino anapendelea upande wake, anatia chumvi, na pengine anakosea. Msomaji humcheka, humhurumia na kumpinga katika ukurasa uleule, na hapo ndipo uzito wa kazi hiyo unapojificha chini ya maneno mepesi.

Lugha ya kawaida ya nani?

Hoja ya Kezilahabi inahitaji nyongeza tunapovuka mipaka. Mazungumzo ya kila siku ya Lubumbashi au Goma si yale ya Dar es Salaam, na kwa wanafunzi wengi wa Uganda na Rwanda Kiswahili ni lugha ya darasani. Kwa hiyo ufikikaji haupimwi kwa mtunzi peke yake, bali kwa uhusiano wa matini na msomaji mahali alipo. Shairi lililo jepesi Tanzania bara laweza kuwa fumbo Bujumbura, si kwa sababu ya kina chake, bali kwa sababu ya neno moja la mtaani.

Hitimisho

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, uteuzi wa diwani za shule uanze na mashairi yenye msemaji anayetambulika na taswira za maisha ya mwanafunzi. Kanuni za arudhi zifundishwe baada ya hamu kuamka. Pili, kazi za kimapokeo kama Sauti ya Dhiki zisiachwe, bali zitolewe pamoja na maelezo ya msamiati. Tatu, wachapishaji wapokee tungo za waandishi wa nchi jirani katika Kiswahili chao, bila kusahihisha kila alama ya mahali walipotoka.

Hatari ya kupuuza haya iko wazi. Mwanafunzi anayekutana na ushairi kama mtihani wa kuhesabu mizani hujifunza kuhesabu, kisha hufunga kitabu. Lugha isiyosomwa kwa hiari itabaki rasmi kwenye karatasi tu.