Nondo mmoja, mayai 1,000: Hesabu inayomhusu mkulima wa mahindi Songea

Mvua za kwanza zikinyesha Songea, gumzo huwa ni mbegu na bei ya mbolea. Wachache huuliza: jana usiku nondo wangapi wametua?

Hapa hatuzungumzii nondo za kujengea. Huyu ni ndugu wa kipepeo, mdudu wa kijivu anayeruka usiku, na watoto wake ndio viwavijeshi. Wanakula mahindi, mpunga, mtama na nyasi za malisho. Wakiwa wengi, shamba linabaki vijiti ndani ya siku chache.

Shida yake ni kwamba ni msafiri. Anapanda na upepo, anakwenda mamia ya kilomita kwa usiku kadhaa, kisha anashushwa penye mawingu ya mvua. Kwa hiyo nondo anayetaga Peramiho huenda hakuzaliwa Ruvuma kabisa.

Hapo ndipo hisabati inaingia. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 1,000. Tuseme wanaofika utu uzima ni wawili tu, dume na jike. Idadi haibadiliki. Sasa wakipona 20, majike ni 10. Yaani ndani ya mwezi mmoja hivi wameongezeka mara 10, na kizazi kinachofuata mara 100.

Angalia vizuri: hata kwenye balaa hilo, asilimia 98 wamekufa. Tofauti ya msimu mtulivu na msimu wa kilio ni viwavi 18 tu kati ya 1,000.

Hao 18 wanategemea sana hali ya hewa. Mvua kubwa mfululizo huua viwavi wachanga, na virusi huwamaliza wengine. Mvua za kurukaruka baada ya ukame huwapa nafuu. Wataalamu huweka hayo kwenye hesabu, wakajumlisha nondo walioletwa na upepo na kutoa walioondoka.

Namba zenyewe zinatoka kwenye mitego yenye harufu ya jike, inayonasa madume. Tanzania imekuwa na kituo cha utabiri Tengeru, Arusha, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakijiji wa Kilosa walianza kuhesabu nondo na kupima mvua wenyewe.

Kwa nini mapema? Kiwavi mdogo huwa wa kijani na hula kidogo, humuoni. Sehemu kubwa ya mahindi huliwa siku zake za mwisho, akishakuwa mweusi. Ukikimbilia dawa wakati huo, mara nyingi umechelewa: anakaribia kuingia ardhini kuwa buu, na hela ya dawa imepotea bure.

Usimchanganye na kiwavijeshi vamizi aliyeingia nchini 2017. Yule hujificha ndani ya mhindi, na penye mahindi mwaka mzima naye yupo mwaka mzima. Mtego wa huyu wa kwanza haumsaidii mtu kumhesabu, kwani harufu ya jike wake ni nyingine.